Nekesa na List ya Watu Walioajiriwa Bila Kujua

Asubuhi hii bado nilingoja voice note ya Nekesa ya kunitusi. Aki, hii kitu imenikataa kichwani. Jana kazini walituambia ameaga.

Wengi mlimjua, yule dem wa magongo wa Sarang'ombe, Kibera. Ukimshika mkono bila kuuliza anakugeukia: "Nimekuambia nimeshindwa?" Mdomo alikuwa nayo!

Mimi na yeye tuliingia kazi ya serikali siku moja, kwa ule mpango wa kuleta watu wa mitaa yetu na wenye ulemavu kwa ofisi. Siku hiyo tulikula chapati huku kwangu Kawangware, stage ya 56, mpaka tukashindwa kuinuka. Alilia akiwa na chapo mdomoni.

Kazi yetu ilikuwa kutoa mafaili ya karatasi na kuingiza kwa system.

Hapo ndipo alipata list ya vijana wa Kibera walioajiriwa pamoja na sisi. "Ngai, huyu si Otieno wa plot yetu? Ameajiriwa lini, na juzi alikuwa anatuzibia paa?"

Akaenda Soweto West, hapo hapo Kibera, akauliza nyumba kwa nyumba. Wote walipeana kopi ya ID kwa baraza ya chifu, wakaambiwa wangoje simu. Kwa system wako ofisini, na mshahara unatoka kila mwezi, kuna mtu anaula. Kwa ground wako mjengo, wanabeba mawe.

Nilimwambia, "Neke, wachana na hiyo story." Najichukia kwa hilo.

Akanijibu, "Na nikikutana nao kwa foleni ya maji, nitawaambia nini?"

Juzi bosi mwenyewe alimletea chai kwa dawati. Mkubwa kuletea karani chai, mmeona wapi? Alitaka Nekesa asaini kwamba wote kwa hiyo list amehakikisha wako kazini. Akakataa.

Jana tukaambiwa ameteleza kwa ngazi, floor ya nne.

Wacha niseme tu. Nekesa hakuwa anatumia ngazi, hata siku moja. Lifti jana ilikuwa inafanya kazi, mimi mwenyewe nilipanda nayo. Na magongo yake yalikuwa huko juu floor ya nne, yameegemezwa ukutani vizuri, yote mawili.

Leo nimeitwa. Kuanzia Jumatatu dawati yake ni yangu, na list iko juu yake inangoja sahihi. Bosi amesema mimi ni mtu mwelewa.

Naogopa, sitawadanganya. Niko na mtoto. Ndio maana naandika hapa, mbele ya nyinyi wote.

Neke wangu, ulale bila wasiwasi. Sitasaini.