Waziri wa Fedha wa Mpui

Hapa Mpui tuna waziri wetu wa fedha. Anaitwa Coleta, ana ekari mbili na nusu, na taifa lake ni watu ishirini na wawili, naye akiwemo, tunaokutana kila Jumatano kuweka akiba kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu. Jina la waziri nilimpa mimi, tena kwa kejeli, maana alikuwa ananiudhi. Mweka hazina gani anazuia kikao kisiishe mpaka kila mtu, hata bibi Kristiana asiyesikia vizuri, atamke kwa sauti kiasi kilichobaki sandukuni? "Kikae vichwani mwenu," husema. "Daftari huungua."

Mwaka jana Julai mpunga ulishuka bei kule bondeni Mtowisa. Nikasimama kikaoni, na mdomo ninao. Nikasema tutoe fedha zote, tununue mpunga, tukauze Sumbawanga mjini, tugawane faida. Watu wakapiga makofi. Kura zikawa kumi na tisa kwa tatu.

Coleta hakubisha. Alikaza kanga yake kiunoni, akasema, "Kura nimezipokea. Ila kabla kufuli hazijafunguliwa, kila mmoja asimame aseme ana ekari ngapi, na Novemba mbolea ataitoa wapi."

Tulisimama mmoja mmoja. Minza, mama wa Kisukuma aliyejiunga mwaka huohuo, alisema atauza ndama. Wengine walijikuna vichwa. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Ekari tatu. Mbolea itatoka kwenye faida ya mpunga."

"Na mpunga usipouzika, Baba Rhoda?" Coleta akauliza.

Hasira zikanipanda mbele za watu. Tukapiga kura upya: theluthi mbili ziende kwenye mpunga, theluthi moja ibaki imefungwa hadi wakati wa kupanda. Niliondoka bila kumuaga.

Kumbe wazo langu nusu ya mkoa walikuwa nalo. Mpunga ulifurika mjini, bei ikaanguka, magunia yetu yakabaki kwenye ghala la kukodi Malangali, hukohuko mjini, yakiliwa na panya. Novemba mvua ya kwanza ikanyesha, na mifukoni mwetu hamna kitu. Sanduku likafunguliwa, mbolea ikanunuliwa. Coleta akaanza kuita majina, kila mtu mfuko mmoja wa kupandia. Nami niliitwa, nikaupokea nikitazama chini.

Bei ya mbolea ilikuwa imepanda. Hilo sikulifikiria siku ile; nilikuwa na haraka ya kuwahi shamba. Januari nikapita njia ya kwa Coleta. Mahindi ya wenzetu yote yamekoza kijani, ya Coleta ni ya njano, yamedumaa, hayafiki hata gotini. Nikamuuliza Minza, jirani yake.

"Mifuko ilikuwa ishirini na mmoja tu," akasema. "Alijiita wa mwisho."

Nilimkuta Coleta anapalilia hayohayo mahindi yake, bila kununa. Niliona aibu, nisifiche. Namzidi Coleta miaka kumi na minne, na tangu ajue kusema yeye ndiye anayeniamkia. Nikavua kofia.

"Shikamoo, waziri."

Akasimamisha jembe. "Baba Rhoda, umelewa asubuhi yote hii?"

"Sijalewa," nikasema. "Itikia."