Kibuyu cha Kwanza ni cha Mja Mzito

"Mtoto wa mchoma mkaa hawezi kuwa daktari," walisema majirani zetu wa Sabaki. "Akifika Nairobi atafagia barabara." Nilifika, sikufagia, na miaka ya themanini ilipoanza nilirudi pwani na stashahada ya utabibu na koti jeupe. Siku ya kwanza kazini Malindi, Tabibu Mkuu alinitazama toka viatuni hadi kichwani.

"Stashahada tumeiona," akasema. "Sasa tuone masikio."

Akanikabidhi pembe, chombo kifupi chenye tundu cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Wenzangu walikuwa bado wakitafuta mapigo, nami nimeshayahesabu. Kwa sifa hiyo nilipelekwa kusimamia zahanati ya Kakuyuni, na huko ndiko nilikopigwa na butwaa.

Kadzo alikuja kliniki na mimba yake ya pili, mwanawe wa kwanza mgongoni. Mtoto yule alikuwa na umri wa kukimbia, lakini hajasimama wala kutamka neno. Kichwa kidogo, mdomo wa juu mwembamba kama uzi. Mama mkwe wa Kadzo akakaa kwenye benchi, akafungua kibuyu, akammiminia mkaza mwanawe pombe ya mnazi mbele yangu kama anayegawa uji.

"Shikamoo, mama. Unampa nini mja mzito?"

"Marahaba, mwanangu. Tembo la alfajiri, tamu, halijachacha. Mume wangu ni mgema. Mke wa mwanetu akibeba mimba, kibuyu cha kwanza ni chake. Akikataa, ameikataa nyumba."

"Na mimba ya kwanza pia?"

"Kila siku! Au huko Nairobi mlinyweshana chai tu?"

Benchi zima likacheka. Mimi nilionja, ulimi ukawasha. Kibuyu cha mgema hubaki na masimbi, mashapo ya tembo la jana, kwa hiyo tembo huanza kuchacha lingali mtini. Nikawaeleza kwamba kondo la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni, halizuii kilevi. Mama akinywa, mtoto amekunywa, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Hakuna kiasi tunachojua kuwa ni salama.

Kadzo akanong'ona, "Mwambie mwenye tembo. Mimi nikikataa, narudishwa kwetu."

Nikaenda. Mgema alikuwa juu mtini, kisu kikikwaruza. Nilirudia maneno yangu kwa sauti ayasikie. Mkewe akanikatiza.

"Na huyu wa kwanza, daktari? Tukiacha leo, atakuwa kama wenzake?"

"Siwezi kuapa kuwa ni tembo pekee, mama. Lakini kilichoharibika tumboni hakirudi. Atafundishwa polepole. Wa sasa bado tunaweza kumkinga."

Akakaa mchangani. Kisu kikanyamaza. Mzee akashuka mikono mitupu, asinitazame.

"Kesho mpe dafu," akamwambia mkewe. "Akiuliza mtu, ni mimi niliyesema."

Nilimzalisha Kadzo mimi mwenyewe, na huyo wa pili akalia mpaka nje wakapiga vigelegele.

Baadaye nilihudumu Mambrui na Kilifi, nikastaafu kwa heshima. Nimeshona majeraha ya panga na kutibu walioumwa na nyoka. Hakuna kilichonishtua kama kibuyu kile, kwani kilimiminwa kwa mapenzi. Yule wa kwanza sasa ni mtu mzima. Nikipita kwao hunishika mkono, akacheka, asiniachilie hadi mdogo wake aje kumwondoa.