Kijiko Kilichosimama kwenye Wali

Ndani ya metro, treni ya chini ya ardhi, kutoka Anderlecht, mtaa wetu wa ughaibuni, binti yangu alinifundisha kula kana kwamba sijawahi kuona chakula. Jumapili ile tulikuwa tunakwenda kwa bibi wa mchumba wake, mama mzee wa Kikorea aliyemlea kijana yule tangu utotoni. Kijana mwenyewe alikwisha kusema wazi kwamba bibi akikataa, hakuna harusi. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge changu cha kanisani, na nilikuwa na njaa.

"Maman, ule mama muzee njo ataanza kula. Usiguse kitu mbele yake. Na akikupa kitu, pokea na mikono mbili."

"Na ni nani alikufundishaka kupokea na mikono mbili? Si ni mimi?"

"Bon, usikasirike. Na habari ya papa, niko nakuomba, unyamaze tu."

Hapo ndipo njaa iliponiisha. Siku ya kwanza binti yangu alipopelekwa kwa bibi yule, aliulizwa baba yake yuko wapi, maana msichana huombwa kwa baba yake. Akajibu kwamba yuko Bukavu, anangoja visa. Kungoja, alingoja kweli, mpaka ugonjwa ukaitangulia visa. Wakati binti anajibu hivyo, tulikuwa tumekwisha kumzika, kwa simu. Jirani wa kule alikishika kisimu chake juu ya kaburi, nami nikiwa jikoni Anderlecht nikasikia udongo ukianguka. Binti yangu hakulia siku ile, na tangu siku ile hakuwahi kutamka kwamba baba yake amekufa, si kwa Kiswahili wala kwa Kifaransa. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Akanijibu kwamba atasema kesho, na kesho yake ikawa miezi. Nami, kwa uoga wangu, nikawa nimekubali.

Bibi alikaa si mbali na Schuman, mtaa ule ule ambamo siku za kazi nasafisha ofisi. Alikuwa mdogo wa umbo, na macho yake hayakukosa kitu. Nilimpa nanasi kwa mikono miwili, akalipokea kwa mikono miwili, nikamtupia binti yangu jicho ili ajue nani mwalimu wa nani.

Mezani palijaa visahani. Kulikuwa na kabichi iliyochachishwa kwa pilipili, ambayo harufu yake ilitupokea tangu kwenye ngazi, na mchicha wenye ufuta, na supu ya soya, na kila mtu bakuli lake la wali. Katikati niliona kisahani cha visamaki vidogo vya kukaanga, vyenye sukari kidogo, na nusura nipige kelele. Sambaza, dagaa wa ziwa letu! Marehemu mume wangu alikuwa akila sambaza na vichwa vyake, kisha anaokota makombo kwa ncha ya kidole. Nilimeza mate na kunyamaza kama nilivyoagizwa. Tulikuwa watu wanne, na kiti cha tano kilikuwa kimewekewa koti la kijana.

Bibi aliinua kijiko, akaonja supu. Nikashika changu, nikakichovya kwenye supu, ndipo nikakumbuka kwamba sijaomba. Mimi bila sala, tonge halipiti. Na sala yangu inataka mikono yote miwili. Sasa kijiko kilicholowa nikiweke wapi, juu ya kitambaa cheupe cha wenyewe? Nikafanya kama nifanyavyo nyumbani. Nikakichomeka katikati ya wali, kikasimama wima, nikafumba macho. Niliombea nyumba ile, na mikono iliyopika, na mwishoni, kama kawaida yangu, nikamwombea yule tuliyemwacha mbali.

Nilipofumbua macho hakuna aliyekuwa anatafuna. Kijana alikuwa akilitazama bakuli langu. Binti yangu alinyoosha mkono haraka akichomoe kijiko, na bibi akamshika kifundo cha mkono. Akasema maneno machache ya Kikorea bila kumwachia.

"Anasemaje?" niliuliza kwa Kifaransa.

Kijana alisitasita. "Kwetu, kijiko husimamishwa hivyo kwenye wali wa marehemu, siku ya kumkumbuka, ili aje ale. Bibi anauliza, hiki umemsimamishia nani?"

Ningeweza kusema nimekosea, na ingekuwa kweli. Binti yangu alinitazama, akatikisa kichwa kidogo kunikataza. Hasira ilinipanda, kwa visa ile, kwa binti yangu, na zaidi kwa nafsi yangu iliyokubali kumfanya marehemu aendelee kupanga foleni.

"Ni cha baba yake," nilisema. "Alikufa."

"Maman!"

"Nimechoka, mutoto yangu. Papa alikufaka."

Kijana alimgeukia mchumba wake, akasahau kutafsiri. Bibi akagonga meza kwa kidole mpaka kijana akatafsiri. Kisha akauachia mkono wa binti yangu. Supu ilikuwa imeacha kutoa mvuke. Nikajiambia, haya, umevunja harusi ya mwanao kwa kijiko.

Bibi akasimama. Nilidhani anakwenda kutuletea makoti yetu. Aliliondoa koti la kijana kwenye kiti cha tano, akalichukua bakuli langu kwa mikono miwili, kijiko kikiwa bado kimesimama, akaliweka mbele ya kiti kile. Halafu akaniuliza mwenyewe, kwa Kifaransa chake cha kuokoteza, "Anapenda nini?"

Nilinyoosha kidole kwenye sambaza. Akazichukua kwa vijiti vyake, chache chache, akazipanga juu ya wali.

Ndipo akamgeukia binti yangu na kusema naye kwa kirefu. Kijana alitafsiri macho yakiwa chini.

"Anasema tungoje, baba ale kwanza, ametoka mbali. Na anasema usimdanganye bibi tena mezani kwake. Ukishaolewa hapa utakuwa unakula naye kila Jumapili."

Tukangoja. Binti yangu alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, na hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza, alikisogeza kile kisahani cha sambaza karibu na kiti cha tano.

"Papa," alisema, "kula."