Mshahara wa Mpanga Harusi

Juzi nilikuwa katika benki moja mjini Kitale, nikingoja mkopo. Kando yangu alikaa mwalimu mkuu wa shule fulani ya Endebess, na mbele yake dada mmoja wa Bungoma aliyevaa raba. Karani alimuuliza dada kazi yake.

"Nasimamia wapanga sherehe. Harusi, mazishi, mikutano."

Mwalimu akaguna. "Ati hiyo nayo ni kazi?"

Dada akataja mshahara wake bila haraka, kama anayetaja bei ya sukuma wiki sokoni. Karani akaacha kuandika, akaanza kumwita "madam".

"Hiyo ni ya mwezi ama ya mwaka?" mwalimu akauliza.

"Ya mwezi, mwalimu. Lakini mvua ikiharibu harusi, wewe unaenda nyumbani. Mimi ndiye naulizwa."

Mimi nami, ambaye huwahubiria nyinyi wasomaji wa safu hii kuridhika na riziki, wivu ulinichoma kifua. Mwalimu alipoitwa kwa meneja, nilihamia kiti chake, nikamuuliza dada kwa sauti ya chini kama wanaandika watu kazi.

"Mzee, unaweza kuchekea watu siku nzima hata kama umekasirika?"

Nilijaribu kumchekea palepale. Alinitazama kwa huruma, akaniambia nisijisumbue.