Kilima Kinachoonekana Wakati wa Mvua

Kutoka juu ya paa la jengo letu hapa mtaa wa Fedha, Nairobi, mahali wapangaji wanapoanika nguo, Kilimambogo huonekana wakati wa mvua na hupotea wakati wa jua. Watu wengi hudhani ni kinyume. Kiangazi kikikolea, vumbi na moshi wa jiji hutanda upande wa kaskazini mashariki, na kilima chote, pamoja na ukubwa wake, hakipo. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi kimetoka: kirefu, cha buluu, na nguzo za mawasiliano zimesimama kileleni.

Aliyenifundisha kukitazama ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha chakula cha mifugo, akibeba magunia na kuyamwaga kwenye mashine ya kusaga: mahindi, mashudu ya alizeti, omena. Mkewe na watoto walibaki nyumbani magharibi, naye akaishi katika chumba kimoja Mathare, akienda kazini na kurudi kwa miguu. Jioni alinuka samaki mkavu. Kifua kilipoharibika kwa ule unga alioupumua, alikuja kukaa kwetu wiki mbili, akakaa mpaka mwisho.

Kwa watu wa kwetu si jambo rahisi mwanamume mzima kulala sebuleni kwa dada yake na kula mezani kwa mume wa dada. Alilifunika kwa mzaha. Jioni ya kwanza aliniambia, "Zile ng'ombe ulituletea zilikuwa zimekonda, shemeji. Nimekuja kula nyama iliyobaki."

"Wewe kula unyamaze," mke wangu akamwambia.

Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mapafu yale hayatapona. Yangeendelea kuchoka, polepole au haraka. Asubuhi moja, tukiwa juu ya paa, shemeji akanielekeza kilima kwa kidevu.

"Kile nimekiangalia tangu nije Nairobi. Ni kama jirani mwenye hajawahi kunisalimia. Kabla pumzi iishe nataka nikapande mimi mwenyewe, nimsalimie."

"Kuna barabara ya gari mpaka juu," nikasema.

"Salamu ya kupitia dirisha la gari si salamu."

Alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa natembea milimani. Nilianza baada ya kuambiwa nina sukari, na kwa kuwa kila kitu ninachokijua, hata kazi yangu ya kutengeneza friji, nimejifunza peke yangu, nilijifunza na hili vivyo hivyo: vitabu vya jiografia vya shule nilivyonunua kando ya Barabara ya Jogoo, kisha miguu. Nilikuwa nimepanda Ngong na Longonot katika kila majira, na nilikuwa nimeyapanga majira hayo kwa ubora. Kwanza kiangazi, kisha ile baridi ya mwezi wa saba, kisha vuli. Masika niliyaweka mwisho kabisa, kwa sababu ya matope na siafu.

Kwa hiyo tulikwenda Januari.

Sina lawama na Januari kwa upande wangu. Ardhi ni ngumu, kiatu hakitelezi, mwanga hufika mapema. Nyasi zimekauka na kulala chini, kwa hiyo nyati utamwona akiwa mbali. Shida ni jua na kiu, na zote mbili zina dawa, kofia na maji. Kwenye lango la hifadhi tulipewa askari wa kutusindikiza, mwanamke kijana mwenye bunduki na sweta la kijani.

"Wazee, mnapanda ama mnapandishwa?" akauliza, akitafuta gari letu kwa macho.

"Afande, mimi nimebeba magunia ya kilo tisini," shemeji akamjibu. "Leo nibebwe na kilima."

"Kilima hakibebi mtu, mzee."

Tulianza vizuri. Kisha likapita gari la wageni, na vumbi jekundu likainuka, likakaa hewani bila upepo wa kuliondoa. Shemeji aligeukia ukingo wa barabara, akafunika uso kwa koti. Kabla halijatulia likapita gari la pili. Kikohozi kilichomshika hakikuwa kile cha sebuleni. Kilimkunja, kikamwacha ameshika magoti na mate yamechanganyika na vumbi kidevuni.

Karibu nusu ya njia kuna makaburi ya zamani ya mawe, mahali ambapo wageni hupumzika na kutazama uwanda. Alifika hapo akijivuta, akaketi juu ya jiwe.

"Mzee, hapo ni kwa wafu," askari akasema.

"Najipima tu, afande. Nione kama tunatoshana."

Tulirudi kutoka hapo. Njiani nililiangalia upya lile jambo nililokuwa nimeliita ubora wa kiangazi. Ulikuwa ubora kwa miguu tu. Sikuwa nimewahi kupima majira kwa kifua cha mtu.

Mvua ndefu zilipoanza, shemeji alibadilika. Vumbi lilikuwa limelala. Alitembea kutoka Fedha mpaka kwenye kibanda changu cha kutengenezea friji karibu na Buruburu akiruka madimbwi, akafika akicheka, anaongea bila kukata sentensi katikati. "Twende sasa," akasema. Tukaenda, katika majira niliyoyadharau, na ni lazima nikiri kwamba sijawahi kuvuta hewa kama ile. Ilikuwa imeoshwa. Kila jani lilikuwa na harufu yake. Tangu tuliposhuka matatu, udongo mweusi ulishika viatu mpaka kila mguu ukawa mzito kama jiwe la kusagia, lakini shemeji alitangulia, mimi nikamfuata nikihema.

Langoni askari yule yule alitikisa kichwa. Mvua ilikuwa imekata barabara juu, na hakuna aliyeruhusiwa kupita.

Shemeji alisimama akitazama mteremko uliokuwa mbele yake, wa kijani, karibu kiasi cha kuguswa. "Januari barabara ilikuweko, kifua hakikuweko," akasema. "Leo kifua kiko." Tulikaa kwenye kibanda cha chai mpaka nguo zikauka kidogo, tukarudi.

Mwezi wa saba nilimwambia tungoje. Alikataa, kwa sababu alikuwa ameanza kusikia pumzi ikipungua hata akiwa amekaa. Mimi huipenda baridi ile. Hutoki jasho, maji kidogo yanatosha, miguu haichoki. Hutakosa pia uchungu wake: anga la rangi ya bati kuukuu, rasharasha isiyonyesha wala kukoma, vidole visivyosikia fimbo. Ukungu huficha kila kitu, ukabaki unatazama viatu vyako siku nzima kama mtu anayetafuta sarafu.

Yeye hakufika hata makaburini. Alisimama kwenye kona ya mapema, akashika kifua kwa mikono miwili. Kile kipampu chake cha kuvuta dawa hakikusaidia kitu.

"Ni kama niko ndani ya gunia," alisema alipoweza, "na kuna mtu nje anafunga kamba."

Alilazwa. Aliporudi nyumbani, mke wangu alitupakulia ugali, akaketi, kisha akaniambia mbele yake, "Kwetu kuna shamba la kumzika. Hakuna haja umpeleke mlimani."

"Dada, wacha mume wako," shemeji akasema. "Yeye hanipeleki. Mimi ndiye nampeleka."

"Basi mpeleke sokoni kama unajua kupeleka watu. Sukuma wiki imeisha."

Walicheka wote wawili. Shemeji alicheka mpaka ikabidi tumshike.

Ilibaki vuli. Nayaandika haya kwa uangalifu kwa sababu ndiyo majira ambayo sasa nayaona kuwa bora, ingawa ni mafupi na huwezi kuyapanga. Mvua za kwanza za Novemba hulaza vumbi kabla hazijafanya matope. Baridi imeondoka na jua halijawa kali. Tulipanda asubuhi ambayo kumbikumbi walikuwa wanatoka ardhini kwa maelfu, mabawa yanang'aa. Shemeji alivua kofia, akawakinga, akawa anawang'oa mabawa na kuwatafuna anapotembea, kama alivyofanya utotoni.

Askari alikunja uso. "Mzee, hao ni wadudu."

"Hii ni nyama, afande. Inakuja bila kuchinjwa. Kwenu mnangoja nini?"

Alipita makaburi bila kugeuza kichwa. Niliona, na nilijua naye amejua kwamba amepita alipokomea Januari. Tuliingia msituni, mahali barabara inapoinuka kwa nguvu na miti inakutana juu. Akawa anatembea kidogo, anasimama; anatembea kidogo, anasimama. Mzaha uliisha. Kisha mvua ikashuka, nzito, na akaegemea mti mmoja mkubwa wenye kuvu, midomo imekuwa rangi ya majivu.

"Imebaki nini?" akamuuliza askari.

"Kona mbili, mzee. Mbili tu."

Aliitazama barabara muda mrefu. Maji yalikuwa yakiteremka juu yake, yakitoka kule alikotaka kwenda. "Shemeji, nenda wewe. Utaniambia."

"Tumekuja wawili," nikasema.

Askari aliita gari la hifadhi kwa redio. Dereva alikuwa mtu mwema. Alisema angeweza kumpandisha zile kona mbili kwanza, ndipo washuke. Ilikuwa kazi ya muda mfupi sana. Shemeji alikataa kwa mkono, kwa kuwa sauti haikuwapo. Sauti iliporudi, tukiwa tumekaa nyuma ya lile gari tukiteremka, aliniambia, "Nimekuwa chini ya mizigo maisha yangu yote. Sitafikishwa pale juu nikiwa mzigo."

Hakwenda tena. Januari iliyofuata, alipokuwa hawezi kuvuka barabara ya mtaa bila kupumzika, alinituma. Nilipanda peke yangu na askari, kwenye ardhi ngumu, viatu vikavu, bila taabu yoyote. Zile kona mbili ni fupi. Niliona aibu jinsi zilivyo fupi. Kileleni nilisimama karibu na nguzo, nikatazama upande wa nyumbani. Niliona mto chini, niliona mashamba ya mananasi, kisha utando wa rangi ya vumbi, basi. Sikuweza hata kuonyesha kwa kidole kwamba jiji liko pale.

Jioni alikuwa amekaa sebuleni akiningoja, ameegemea mito.

"Umeona Fedha?"

"Sikuona."

"Hata ndege zikishuka hapa uwanjani?"

"Hata ndege."

Angekuwa mtu mwingine angetaka nimdanganye. Yeye alilifikiria jambo lile kwa makini. "Kumbe miaka hiyo yote," akasema, "hakuna mwenye alikuwa anatuangalia."

Mvua ndefu zilirudi. Asubuhi moja, baada ya usiku wa mvua kubwa, nilipanda juu ya paa na kukiona kilima kimesimama kizima. Nikashuka kumwambia.

"Kimetoka."

"Chote?"

"Mpaka nguzo."

"Basi nipelekeni."

Ghorofa yetu ni ya tatu; juu yake kuna mbili zaidi, halafu paa. Nilimshika upande mmoja. Mke wangu alifuata na kiti cha plastiki, akakiweka kila tulipofika mahali ngazi inapogeuka, naye shemeji akaketi mpaka kifua kikapoa. Mbele ya sanduku la mita za stima alikaa kwa muda mrefu kuliko kwingine. Mama mmoja jirani alikuwa anashuka na karai tupu, akasimama kutupisha.

"Pole, mzee. Mnaenda wapi na hali hii?"

"Hapa ni makaburini," shemeji akamwambia. "Pita tu, mama. Sisi tunapanda."

Yule mama alimtazama mke wangu, mke wangu akatazama ukuta. Tukaendelea. Hakukubali nimbebe, ingawa alikuwa mwepesi kuliko gunia tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kupanda kitu chochote, na alikipanda chote kwa miguu yake.

Tulipofika juu, tukapita katikati ya shuka zilizoanikwa, wingu lilikuwa limefika kabla yetu. Lilikuwa limelala juu ya kilima, zito, limekikata katikati. Nguzo hazikuwapo. Kilele hakikuwapo.

"Ulisema mpaka nguzo," shemeji akasema.

"Ilikuwa hivyo nilipokuwa nashuka."

Mke wangu aliweka kiti, akamketisha. Alitazama akipumua kwa mdomo, mikono juu ya magoti. Kisha akauliza, "Pale kwa ule mti nilioegemea, panaonekana?"

Sipendi kusema nisichokipima. Niliutafuta uwanda, nikafuata mteremko kwa jicho, nikakadiria makaburi yalipo, kisha msitu unapoanza, kisha mahali barabara inapoinuka. Nilifanya hivyo mara mbili.

"Makaburi yapo peupe, chini ya wingu," nikasema. "Mti ni karibu kabisa na pale wingu linapoanzia."

"Karibu?"

"Ndivyo ninavyoona."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. "Basi nilifika mahali kilima kinaishia."

Matone ya kwanza yalianza kupiga saruji. Mke wangu alikimbilia kamba, akaanza kuzivuta shuka, akamtupia kaka yake moja kichwani ili asinyeshewe. Yeye aliifunua kidogo usoni, akaendelea kutazama.