Nilivyomwambia mama wa mgonjwa mtoto wake ataanguka, kwenye interview ya unesi

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo nimeshindwa kuvumilia. Haya yalinikuta mwenyewe, chumvi sijatia.

Naishi Nchelenge, Zambia. Nilizaliwa ng'ambo, Kongo, tukavuka ziwa Mweru nikiwa nabebwa mgongoni. Mama anauza chisense, vile visamaki vidogo vya kukausha. Nyumbani Kiswahili, sokoni Kibemba, shule English.

Nilikuwa naomba chuo cha unesi mara ya pili. Mara ya kwanza hata kwenye interview sikuitwa. Safari hii mama alishatamka: wakikataa, naenda naye Mununga kununua samaki, shule basi.

Na mama yangu akisema basi, ni basi.

Nikasoma, wakuu. Biology niliikariri huku nageuza samaki juani, mpaka wateja wakaniita dokta kwa kejeli. Nikaitwa.

Siku yenyewe ikafika. Benchi limejaa, nafasi chache, na kila anayetoka mle ndani anatabasamu. Nikazidi kukata tamaa.

Biology nilijibu vizuri tu. Halafu mzee mmoja wa paneli akaniambia nijifanye niko wodini. Akamwonyesha mama mmoja, mwenzake wa paneli aliyekaa pembeni yake: fanya huyu mtoto wake anaumwa, mtulize kwa Kibemba.

Kibemba nakiongea kila siku, kwa hiyo nikajiachia: "Ba mayo, mwisakamana, umwana akapona."

Paneli ikaangua kicheko. Mzee akavua miwani ajifute machozi.

Kwa wasiojua: kwa Kibemba kupata nafuu ni kupola. Kupona ni kuanguka. Yaani nimemwambia mama wa watu asiwe na wasiwasi, mtoto wake ataanguka!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kuiona Mununga hii hapa.

Yule mama peke yake hakucheka. Akaniuliza kwa nini nimesema vile. Nikamweleza kwamba kwetu kupona ndiyo kupata nafuu, ulimi umenichanganyia lugha.

Akawageukia wenzake, akawaambia kwamba zamani, akiwa zahanati moja huko Chienge, alikuja mama mchuuzi kutoka Kongo. Anasema mtoto alipona, leo moto, yaani homa, umerudi. Wao wakamkagua mtoto kichwa na mbavu wakitafuta alipoumia, kumbe ni malaria.

Akanigeukia: "Wewe ungemuuliza nini?"

Nikajibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Mama, mutoto alianguka, ao homa ilikwisha kisha ikarudia?"

Akatikisa kichwa tu. Nikatoka sijui nimepita au nimejizika.

Kusubiri kule sitaki hata kukukumbuka. Simu ikilia, naidaka. Mama naye haulizi kitu, anakunja tu magunia ya safari ya Mununga. Yale magunia yalinitisha kuliko interview.

Meseji ikaingia tukiwa sokoni, mikono imejaa magamba. Nilisoma, nikarudia, nikarudia tena.

"Mama, wamenichukua."

Mama akarusha ungo, chisense zikamwagika. "Tumepona! Yesu wangu, mutoto yangu, tumepona!"

Jirani yetu wa meza, Bana Mwape, yaani mama Mwape, Mbemba wa hapahapa, akaja mbio na kopo la maji: "Ni nani apona? Ni nani?" Anamtafuta aliyeanguka!

Wakuu, bila kusoma nisingefika mbele ya ile paneli. Lakini kwenye kiti cha yule mama angekaa mtu mwingine, leo ningekuwa Mununga. Dada niliyekaa naye benchi moja alisoma kama mimi, pengine kunishinda, na hakuchukuliwa. Hilo huwa linanikosesha raha.

Kwa hiyo someni mpaka mwisho, ila ukipata usimcheke aliyekosa.

Na nyie mnaoishi kati ya lugha mbili, neno gani limewahi kuwaumbua? Shusheni hapa.

Mimi sasa niko wodini, na hofu haijaisha. Kabla sijamtuliza mama yeyote, najisemea kwanza moyoni: pola, pola, pola.