Shimo Tulilodhani ni Choo

Jumamosi, tarehe 20 Juni 2020. Kulipopambazuka nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, kisha likatoka jua lile la Sydney la majira ya baridi, linawaka lakini halikupi joto. Upepo hakuna. Nakumbuka hakukuwa na upepo kwa sababu mkaguzi wa nyumba alisimama uwani kwetu, akavuta hewa puani kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani, akauliza, "Hapa pana nini chini?"

Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya sanitaiza mkononi. Siku zile za korona kila aingiaye nilimmiminia, hata kama keshajipaka yake.

"Hapo ni choo cha zamani," nikamjibu. "Cha shimo. Hakitumiki."

Nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Wote waliokuja kuitazama nyumba ile niliwaonyesha pale na kuwaambia hivyohivyo, maana sikutaka mtu anunue nyumba yenye choo kilichofukiwa asijue. Dalali aliniomba nisiwe nawatajia. Nikamwambia haki ni haki.

Mkaguzi akapiga magoti, akafungua mfuniko wa chuma kwa bisibisi kubwa, akatumbukiza kijiti kirefu. Kilitoka kimelowa, cheusi, kinanuka dizeli.

"Mama," akasema taratibu, kama daktari, "hili ni tanki la mafuta. Zamani nyumba hizi zilikuwa na hita kubwa za mafuta. Mafuta yalikaa chini ya ardhi, yanavutwa kwa bomba hadi ndani."

Nadhani nilimmiminia sanitaiza tena.

Nieleze kwa nini tulikuwa tunauza, isije ikaonekana tuliichoka nyumba. Nyumba ya matofali pale Seven Hills ndiyo iliyotulelea watoto. Lakini ilijengwa mteremkoni, ngazi mbele, ngazi nyuma, na Mama, yaani mama mzazi wa mume wangu, alianguka kiangazi kile kwenye ngazi za nyuma. Nyonga ilipona kwa kiasi chake, ila ngazi hakuziweza tena. Akitaka kutoka nje, mwanawe anambeba mgongoni.

"Nabebwa kama gunia la mkaa," alikuwa akisema. "Mimi, mtu mzima, mwenye wajukuu."

Mume wangu humjibu, "Gunia la mkaa halisemi, Mama. Wewe unasema njia nzima."

Tulicheka, lakini haikuwa ya kuchekesha. Mama alikuwa mtu wa uwani. Tanga aliishi Ngamiani, kwenye nyumba ya uwa wa kufagia, na alipokuja huku kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa ufagio. Sasa akawa mtu wa dirishani. Siku mume wangu yuko kazini, Mama hatoki. Siku mgongo wa mume wangu unauma, maana kutwa anashusha mizigo bohari­ni, Mama hasemi kama anataka kutoka. Mimi nilijaribu kumbeba mara moja, tukakaa sote wawili kwenye ngazi, tunaogopa kusonga.

Kisha tukapata nyumba Minto isiyo na ngazi hata moja. Mlango, sebule, choo, uwa, vyote sawasawa. Mwenyewe alikubali kutungojea tuuze yetu kwanza, ila alisema wazi hawezi kungoja sana. Wanunuzi wa kwetu walipatikana, mkataba umeandikwa, umebaki huo ukaguzi. Sasa lile tanki.

Labda mtu aliyesoma angeng'amua zamani. Mimi niliishia darasa la saba, na sisemi hivyo nihurumiwe. Nataka kueleza tulivyofikiri. Pale nyasini, karibu na ukuta wa nyuma, palikuwa na mfuniko wa chuma wa duara, na kando yake bomba jembamba limesimama kupita kimo cha mtu. Mtu wa kwetu akiona mfuniko ardhini na bomba la hewa kando yake, haulizi. Mama siku ya kwanza aliyofika kutoka Tanga alizunguka uwa wote, akasimama pale, akatamka, "Hiki choo." Mambo yakaishia hapo.

Kuanzia siku hiyo sehemu ile ikawa na sheria zake. Hapaswaliwi. Hapaanikwi nguo. Hapapandwi kitu cha kuliwa. Mchicha na bamia vilikaa upande wa pili, kwenye uzio. Sikukuu ya Idi tukitandika mikeka uwani, Mama anapima kwa macho, anasema, "Vuteni huku, vuteni huku," mpaka tunabanana kama tumepanga foleni. Watoto wakicheza mpira ukaangukia kule, mpira unaoshwa. Binti yangu aliwaleta wenzake wa shule, akawaeleza kwa Kiingereza chake kwamba hapo pana choo cha mizimu na bibi yake ndiye askari wake. Mama akauliza amesema nini. Mtoto akajibu, kwa Kiswahili, kwamba ameusifia uwa. Mama akafurahi, akawapa wote visheti.

Nakumbuka hayo na ninacheka, lakini kinachoniuma ni majira ya baridi ya mwanzo. Sebuleni palikuwa na pango la matofali ukutani, limezibwa, hatukujua la nini. Tuliweka rafu ya misahafu hapo. Usiku tulilala wote chumba kimoja kuzunguka hita ndogo ya umeme, ya kuwashwa na kuzimwa kwa kubania matumizi, watoto wamejipanga kama samaki kwenye mtungo, Mama kajifunga kanga mbili na juu yake jaketi la kazini la mwanawe lenye mistari inayong'aa. Taa ikizimwa, Mama peke yake ndiye aonekanaye. Anatusimulia majirani wa Ngamiani, nani aliolewa na nani na kwa nini hawakupaswa kuoana. Meno yanagongana, tunacheka. Kumbe lile pango ndimo hita ya wenyewe ilimokaa, na mafuta yake yako nje hatua chache, chini ya nyasi, yametulia.

Yule mzee aliyetuuzia simlaumu. Aliyosema alisema, na mengi sikuyaelewa wakati ule. Inawezekana alisahau. Inawezekana na yeye aliikuta vile. Mume wangu anamlaumu kidogo, na ana haki yake pia.

Wanunuzi wetu walikuwa mtu na mkewe, Wakongo wa Bukavu, wana watoto watatu wadogo. Tuliongea nao Kiswahili tangu siku ya kwanza, na Mama alipenda sana kumtania yule mwanamume. "Kiswahili chako, mwanangu, kimevaa viatu vya Kifaransa." Yeye anajibu, "Na ya kwako, Mama, iko miguu chini kabisa, bila viatu."

Jumapili akapiga simu. Nikaweka spika ili mume wangu naye asikie. Mama alikuwa kitini kwake dirishani.

"Dada, tumesoma ripoti," akasema. "Sisi tunaipenda nyumba. Lakini batoto bangu watacheza pale. Kama ile mafuta imetoka ikaenda ku udongo, sisi hatuwezi. Mke wangu amekataa kabisa."

"Na mimi ningekataa," nikamwambia. Mume wangu akanitazama kwa jicho, lakini ningesema nini? Ndivyo ninavyoamini. Watoto ni watoto.

"Mutoe siterne, ile tanki," akaendelea, "mupime udongo. Kama ni safi, tunasaini. Kama si safi, mutusamehe."

"Mmesamehewa tayari," Mama akapaza sauti kutoka dirishani. "Lakini ombeni uwe safi."

Simu ikakatwa. Mama akamgeukia mwanawe. "Na wakikataa?"

Mume wangu akasema tutatafuta wengine.

"Na yule wa Minto atangoja?"

Mama akarudisha uso kwenye kioo cha dirisha. Nje jua lilikuwa zuri, mchicha wake umekauka nusu kwa baridi, hakuna aliyeung'oa. Nilitaka kusema kitu cha kufariji, kila nilichofikiri kikawa cha uongo. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Watu wa kutoa tanki walikuja siku ya kazi, mume wangu akaomba ruhusa. Walikuja na lori la kunyonya mafuta na mashine ndogo ya kuchimba, ile tunayoita kijiko. Mkubwa wao, mwenye ndevu nyekundu zinazochungulia chini ya barakoa, alizunguka uwa kabla ya kuanza. Akasema tuna bahati. Kwingi anakokwenda anakuta watu wamejenga juu, banda, zege, bwawa la kuogelea. Hapo mashine haipiti, inabidi kubomoa, kazi inachukua majuma, na wanunuzi wengi hukimbia. Hapa kwetu ni nyasi tupu. Angemaliza siku hiyohiyo.

Mume wangu akaniangalia, mimi nikaliangalia dirisha.

Maana lilikuwepo banda. Yaani lilikuwepo kichwani mwa mume wangu. Miaka kadhaa nyuma alitaka kujenga chumba cha nje palepale, kwenye nafasi tambarare pekee ya uwa ule, apangishe mwanafunzi. Alishachora. Alishaongea na fundi. Mama akakataa katakata: "Umlaze mtoto wa mwenzio juu ya choo? Mama yake akijua?" Wakanuniana wiki nzima. Mimi, kusema kweli, nilikuwa upande wa mume wangu, ila sikusema, na banda halikujengwa.

Mume wangu akapanda ngazi mpaka dirishani. "Umesikia alivyosema, Mama?"

"Kizungu cha barakoa sikisikii. Kasema nini?"

"Anasema ningejenga lile banda tusingeuza leo."

Mama akajiweka sawa kitini. "Sema ahsante."

"Lakini hakikuwa choo, Mama."

"Mimi nilikwambia usijenge. Hukujenga. Hayo ya choo au si choo ni yako na huyo mwenye ndevu."

Walinyonya mafuta yaliyobaki, wakaosha ndani, kisha kijiko kikachimba. Harufu ilikuja hadi jikoni. Tanki lilipoinuliwa kwa minyororo lilikuwa refu kuliko nilivyodhani, la kahawia, limejaa udongo ubavuni, kama ng'ombe aliyekuwa amelala matopeni. Yule bwana akalizunguka akiligonga kwa ngumi. Lilikuwa zima, kutu ya juu tu. Lakini udongo chini ya mdomo wa kujazia ulikuwa mweusi. Akasema pengine ni wa kumwagikia wakati wa kujaza, enzi hizo, au pengine bomba la kwenda ndani lilivuja. Hakutaka kuapa. Wakauchota udongo ule mweusi wote wakaondoka nao, na wakachukua udongo wa pande zote na wa chini ndani ya vichupa, upelekwe maabara. Shimo wakaliacha wazi, limezungushiwa utepe.

Tukangoja majibu. Sitaandika siku ngapi, zilikuwa nyingi. Mwenye nyumba ya Minto alimpigia dalali. Dalali akatupigia sisi. Mama aliacha kuuliza. Alikuwa anaamka, anaswali kitini, anatazama lile shimo. Siku moja nilimkuta anaongea na mdogo wake wa Tanga kwa WhatsApp, amegeuza simu amwonyeshe uwa. "Pale kwenye utepe," anasema. "Hapana, sijashuka. Nitashuka vipi? Naona kwa hapahapa." Alikuwa akicheka alipokuwa anasema. Mimi nikarudi nyuma kimyakimya. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema au ningeingia.

Majibu yalikuja kwa dalali mchana, mvua inanyesha. Udongo wa pande zote safi, wa chini safi. Mweusi ulikuwa ule tu uliokwisha kuchotwa. Saa moja haikupita, yule Mkongo akapiga.

"Dada, tunasaini."

"Mkeo je?"

"Ni yeye ana kalamu."

Nikasikia mwanamke anacheka nyuma yake. Nikampa Mama simu, akawaombea dua ndefu: watoto wao wakue mule, wafunge ndoa mule, wasipate homa. Akawaambia bomba la bafuni lazima lipigwe kidogo upande wa kushoto ndipo lifunge vizuri. Akawaambia jirani wa kulia ni mtu mwema, ila mbwa wake ni mwizi wa viatu. Akasema na mengine, mpaka nikaona anaorodhesha nyumba nzima na sauti inaanza kupotea. Akanirudishia simu bila kuaga.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alikuta Mama amekwisha kuvaa viatu. Mvua ilikuwa imekatika. Akainama bila kuuliza, akampakia mgongoni, akamshusha. Mama safari ile hakusema neno njia nzima. Chini akanishika mkono, tukatembea polepole kwenye majani mabichi, mpaka kwenye uzio, tukarudi. Alisimama mara mbili. Alichokuwa akifikiri simsemei. Mimi nilikuwa nafikiri kwamba kule Minto Mama atatoka mwenyewe asubuhi, na sitakuwapo kumwona, nitakuwa jikoni, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Bado nilitamani tusihame.

Jioni ile tulikula ugali na kisamvu cha kugandishwa kutoka duka la Waafrika, na samaki kibua wa kukaanga. Kisamvu kilizidi chumvi. Mama alikisema, kisha akajiongezea.